Sababu ya Vita Niliyoisikia Mirongo

Mwezi uliopita, njia nzima kutoka Shinyanga, nilijionya kwamba nisije nikalia kumzidi mwenye msiba. Kuna kiasi cha machozi kinachomfaa rafiki wa zamani wa mke wa marehemu, na mimi sikuwa na haki ya kukipita. Nyumba yao haiko mbali na stendi ya Nyegezi. Nilifuata turubai na viti vya kukodi, nikawaamkia wazee waliokaa nje, nikavua viatu, nikaingia chumba cha wanawake. Leonida alikuwa chini kwenye godoro, ameegemea ukuta, kanga imemfunika kichwa, mama mmoja anampepea na mwingine anambembeleza anywe uji. Kila aliyeingia alimpa pole yeye. Nami nikampa. Kisha nikakaa karibu na mlango, na hapo, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikasikia kitu kile cha zamani kinanyanyuka kifuani. Nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu lile godoro, ule uji, na ile ruhusa ya kukaa kimya huku watu wakimwambia Mungu atakupa nguvu.

Nje msemaji wa familia alikuwa akisoma wasifu wa marehemu kwenye kipaza sauti. Alisema marehemu Silvesta alitoka ng'ambo, akafanya kazi katika kiwanda cha samaki hapa Mwanza, akamwoa Leonida, akafungua duka la vyakula vya kuku, akawa mtu mpole asiyegombana na jirani. Basi. Aliyoyafanya kabla ya kuja kwetu hayakutajwa, na watoto wake wakubwa waliokuwa wamekaa mstari wa mbele waliitikia kwa vichwa kana kwamba baba yao alianza kuishi siku aliyovuka mpaka. Nchi yake sitaitaja hata hapa. Yeye mwenyewe hakupenda kuitaja.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule ambao vita ya jirani zetu ilikuwa kwenye kila redio. Mimi nilikuwa msichana wa kuchapa barua na fotokopi katika duka moja Mabatini, na nilipanga Mirongo, nyumbani kwa Mama Shija. Mama Shija alikuwa amepunguzwa kazi kiwanda cha nguo. Kiwanda kilikuwa kinauzwa, na wenye kukinunua hawakutaka watu wengi. Alipoona hakuna wa kumrudisha, aliigawa nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe kwa kuta za plaiwudi, akaanza kupangisha na kupika. Mji wote ulikuwa hivyo wakati ule, kila mtu anauza kitu. Mitumba ilitandikwa mpaka kwenye ngazi za ofisi, maredio mapya ya watu binafsi yalipiga muziki tangu asubuhi, na ndege za mizigo zilipita juu ya mabati yetu kuchukua minofu ya sangara. Minofu ilipanda ndege, sisi tulibaki na vichwa. Mama Shija alivikaanga, akavichemsha kwa nyanya na bilinganya, tukala na ugali wa muhogo, na sijala mchuzi mtamu kama ule tena.

Chumba changu nilikaa na Leonida, kitanda kimoja. Alikuwa anauza katika duka la dawa karibu na soko. Amelelewa karibu na mpaka, mrefu, mtulivu, mwenye shingo ambayo wanaume waliitazama kabla ya uso. Sikumchukia kwa hilo. Tuliazimana viatu, tulisukana nywele, na siku mshahara ukichelewa tuligawana chapati moja. Wivu ulianza alipohamia mpangaji wa chumba cha pili, mwanamume wa makamo kidogo, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi na koti moja tu. Mama Shija, aliyepindisha majina kwa ulimi wa Kisukuma, alimwita Bwana Sirivesta. Alikuwa anaandika barua za Kiingereza za kiwanda cha samaki, zile za kwenda kwa wanunuzi Ulaya. Alikula nasi mezani kwenye korido, akaosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo Mama Shija alilisimulia mtaa mzima.

Alianza kunisemesha mimi. Alikuwa ananiuliza wakati wa chakula cha jioni, Milembe, leo umechapa neno gani zuri? Nami, ambaye siku nzima nilikuwa nachapa maombi ya kazi na hati za kuuziana viwanja, nikaanza kutafuta. Nikampelekea "mintarafu". Nikampelekea "maridhiano". Alilishika neno kama mtu anayeonja chumvi, akaniambia lilikotoka, akanieleza lingeweza kumfanya mtu afanye nini. Nilikuwa naondoka Mabatini mbio jua likielekea kushuka, nina neno mdomoni, na moyo unanidunda kama nimeiba. Niliamini hayo ndiyo mapenzi, na mpaka leo sina hakika kama niliamini vibaya.

Kisha Leonida akaletewa senene kutoka kwao. Tulikaa ukumbini sote tukinyonyoa mbawa na miguu, nikawakaanga mimi kwa kitunguu na chumvi. Silvesta alitia wachache mdomoni, akafumba macho, akasema kitu kwa lugha ya kwao. Leonida akamjibu kwa lugha hiyohiyo, pale pale, bila kunyanyua uso. Yule mtu alicheka. Hakikuwa kicheko chake cha mezani. Kilitoka chini, kimelegea, kicheko cha mtu aliyevua viatu. Niliendelea kukaanga nikiwa nimewapa mgongo, na mafuta yakaniunguza mkono nisiyasikie. Tangu siku hiyo wakipishana kwenye korido walisemeshana kwa lugha ile, maneno mawili matatu tu, na kila moja lilinichoma. Yeye Leonida hakunificha. Usiku nilipomuuliza walikuwa wanasema nini alinijibu kwamba ni mambo ya mvua, ndizi, marehemu mama yake Silvesta. Ningefurahi kama angesema ni mapenzi. Ndizi na mama mzazi sikuwa na la kushindana nazo.

Ilikuwa Jumapili mchana. Mama Shija alikuwa kanisani kwenye kwaya, mimi nimelala na homa ya malaria, nimejifunika blanketi. Leonida alikuwa amekwenda kumpelekea Silvesta shati alilomfulia, akakaa. Mlango wa chumba chake waliuacha wazi kwa heshima, lakini ukuta kati yetu ulikuwa plaiwudi, na kitanda changu kiliugusa. Niligeuka upande ule makusudi. Nilitaka kusikia lile ambalo lingenimaliza, ili nipumzike. Nikamsikia Silvesta akisema, kwa Kiswahili chake kile cha polepole, kwamba chumba kilimoamuliwa vita kilikuwa na vikombe vizuri sana vya chai.

Alikuwa mwandishi wa hotuba serikalini kwao. Hilo hatukulijua. Kazi yake ilikuwa kukaa mwisho wa meza, kimya, na kuwatafutia wakubwa maneno. Alisimulia kwamba siku ile hakuna aliyeuliza kama waende vitani au wasiende. Hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Waliitana kutafuta sababu. Ilikuwepo moja ya kweli, waasi waliovuka kutoka nchi ile nyingine na kuchoma vijiji vya mpakani, na hiyo ndiyo waliyoichukua, akapewa yeye aivalishe maneno. Ila alikwisha kuwasikia kwa miezi wakiongea mengine mbele yake, kwa sababu mwandishi wa hotuba wanamhesabu kama kiti. Wafadhili walikuwa wanataka jeshi lipunguzwe, kama walivyotaka viwanda na ofisi zipunguze watu, na jeshi lililo vitani hakuna anayethubutu kulipunguza. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na watu walikuwa wameanza kuuliza habari za hospitali zisizo na dawa. Vita ingemfanya muulizaji aonekane msaliti. Halafu upande wa pili kulikuwa na dhahabu na magogo, na ndugu za wakubwa walikuwa wamekwisha kuandaa malori kabla askari hawajaandaliwa viatu.

Leonida alimwuliza kama hayo ndiyo yote. Nilizuia hata meno yangu yasigongane kwa baridi ya homa.

"Kulikuwa na kamanda mmoja," Silvesta akasema. "Kwenye gwaride la sikukuu watu walimpigia makofi kuliko mkuu wa nchi. Nilikuwa nyuma ya jukwaa, nilimwona mkubwa akiyasikiliza yale makofi. Leonida, nimeona njaa, nimeona hasira. Ule ulikuwa wivu. Brigedi ya kamanda yule ndiyo iliyopelekwa mbele kwanza."

Nililala pale, jasho linanitoka, nikamwelewa mkuu wa nchi ambaye sijapata kumwona. Nilijua kabisa alivyosimama. Nilijua jinsi mtu anavyoweza kusikiliza kicheko cha korido au makofi ya uwanjani akatamani tu yule mwenzake awe mbali, mahali popote, hata kwenye moto, mradi sauti ile ikome. Kama ningekuwa na jeshi, Leonida angekwenda mstari wa mbele. Silvesta akaendelea. Neno aliloiandikia vita ile lilikuwa kwamba askari wanakwenda kulinda usingizi wa watoto. Lilipendwa. Lilisemwa redioni, makanisani, likapakwa rangi kwenye malori. Na mdogo wake Bosco, aliyemlea yeye mwenyewe baada ya wazazi kufa, alilisikia akiwa kambini, katika brigedi ileile, akamtumia salamu kwamba kaka, neno lako limetutoa machozi. Hapo ndipo Silvesta alipoacha kazi akavuka. Alisema hakuacha kwa ushujaa. Mkono ulikataa tu.

Nilikuwa nimetegea maneno ya mapenzi, nikasikia kitu cha ndani kuliko hayo. Angembusu ningelia nikanyamaza. Badala yake alimpa jambo ambalo lingeweza kumuua, naye akalipokea bila kusema neno, kama alivyopokea shati la kufua. Kwangu alikuja kwa maneno mazuri. Kwake yeye alipeleka yale yaliyomwozea mkononi. Wivu wangu ulikuwa wa mapambo mpaka siku ile. Baada ya hapo ukawa kitu kizito kilichokaa nami mezani, kilicholala kati yetu sisi wawili kwenye kile kitanda kimoja.

Muda mfupi kabla ya mvua za masika alikuja mgeni. Alivaa suti nyepesi ya kijivu, akamwamkia Mama Shija shikamoo kwa adabu, akaleta mkate na sukari kama mtu anayekwenda kuona ndugu. Mama Shija alimkaribisha chakula cha mchana. Nakumbuka kilikuwa sato wa kuchoma, ugali, mlenda, na mgeni alisifu mlenda. Silvesta alikaa mkabala naye bila kula. Mgeni alizungumza bila kushusha sauti, labda kwa kuwa alituona sisi wanawake watatu tumebeba sahani. Alisema vita imekuwa ndefu na watu nyumbani wamechoka, lile neno la zamani limechakaa. Anahitajika mtu wa kutafuta jingine. Hotuba moja tu, ya kumbukumbu ya mwaka. Akinyoosha mkono kuchukua chumvi akaongeza kwamba Bosco yuko salama, na kwamba kijana ambaye kaka yake anaitumikia nchi anaweza kurudishwa nyumbani mapema.

Silvesta aliuliza kama anaweza kusikia sauti ya mdogo wake kwenye simu. Mgeni akasema kule waliko hakuna simu, lakini yeye anampa neno lake kama muungwana. Akanawa, akamshukuru Mama Shija, akasema atasubiri hotelini mpaka kesho yake.

Jioni Silvesta alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, unaotazama mto Mirongo na takataka zake. Mimi nilikuwa naosha masufuria hatua chache kutoka alipo. Nilijua yote, hakuna mtu mwingine pale zaidi ya Leonida aliyekuwa anajua uzito wa lile alilokuwa anaamua, na sikuweza kufungua mdomo bila kusema nilivyojua. Nilitaka kumwambia asiende. Nilitaka kumwambia kwamba mtu mwenye Bosco hai angeleta japo picha. Nilikuwa bado natafuta namna ya kuanza wakati Leonida alipotoka, akachuchumaa mbele yake, akamwambia kwa Kiswahili, nami nikasikia wazi, "Nenda. Ukibaki, akifa, utaniangalia mimi kila siku kama ndiye niliyekuzuia." Silvesta aliinamisha kichwa chake kwenye bega lake. Nilibeba masufuria yangu nikaingia ndani yakiwa bado na masizi.

Akaenda. Wiki zile tulilala mgongo kwa mgongo. Leonida hakulia, na hata kusubiri kwake nilikuonea wivu, kwa sababu kulikuwa na mahali pa kukaa. Watu walimuuliza, mwenzako amekupa salamu? Mimi hakuna aliyeniuliza. Halafu siku moja asubuhi, Mama Shija amewasha redio akichochea uji, mtangazaji wa shirika la nje akasoma kipande cha hotuba ya mkuu wa nchi ya jirani. Kiliongelea mama anayeacha taa dirishani kwa ajili ya mwanawe, na kwamba nchi isiyo na subira huizima taa mwana akiwa mlangoni. Mama Shija akasema maskini, maneno mazuri. Leonida na mimi tulitazamana. Ilikuwa kazi yake, tungeijua popote. Na nilipomwona Leonida anashika ukingo wa meza, kwa mara ya kwanza mwaka ule nilimshika mkono.

Alirudi mvua zikiisha, amekonda, koti linamning'inia. Alikaa mezani Mama Shija akampakulia, na akatueleza sote bila kuficha, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Bosco alikuwa amekufa muda mrefu. Alikufa akivuka mto katika msitu wa nchi ya watu, kabla yule mgeni hajapanga safari ya kuja kula sato wetu. Mwili haukurudishwa kwa sababu serikali ilikuwa inasema haina askari waliokufa. Aliambiwa hayo na askari mlemavu nje ya lango, hotuba ikiwa imekwisha kusomwa. Yule kamanda wa makofi naye alikuwa amekufa. Mkuu wa nchi alimlilia hadharani, na maneno ya kumlilia, Silvesta akasema, yaliandikwa na kijana mpya, na yalikuwa mazuri.

Nilimsubiri aniulize neno. Siku nyingi nilimsubiri. Hakuniuliza tena, mimi wala mtu mwingine. Kiwandani aliomba aondolewe kwenye barua, akawekwa kuhesabu maboksi kwenye chumba cha barafu. Kabla mwaka haujaisha alimwoa Leonida, nami nilisimama karibu yao nimevaa gauni la kuazima. Baada ya harusi nilikubali kazi Shinyanga niliyokuwa nimeikataa mara mbili. Nikaolewa huko na mtu mwema, nikazaa. Kwa Leonida nilikuja mara chache, siku za ubatizo na misiba, na kila mara nilimkuta Silvesta dukani amezungukwa na magunia ya pumba, akinisalimia vizuri, Milembe, habari za Shinyanga, na hakuna zaidi.

Basi pale msibani, wanawake walipopungua kwenda kupakua chakula, Leonida aliniashiria nisogee. Nikakaa ukingoni mwa godoro. Alisema mwanawe mkubwa, Bosco, amemsumbua tangu juzi, anataka kujua baba yake alikuwa nani kabla ya kuku, na kwa nini yeye amepewa jina lile. Akaniomba nimweleze mimi.

Nikamwambia ni yeye aliyeambiwa, mimi nitajuaje.

"Milembe," akasema, na akaifunua kanga nikamwona uso. "Mimi na yule mtu tulikuwa na lugha yetu. Mambo yetu yote tuliyasema kwa lugha hiyo, mpaka amekufa. Hujawahi kujiuliza kwa nini ile Jumapili alisema Kiswahili?"

Akasema Silvesta alisikia kitanda changu kikigonga ukuta kwa homa. Alijua niko pale. Alimwambia Leonida baadaye kwamba jambo lile likijulikana na mtu mmoja linaweza kupotea, na kwamba kama angekuwa na uwezo wa kuchagua mtu wa kulisema vizuri siku moja, angemchagua yule msichana wa maneno. Leonida aliyabeba hayo miaka yote akiwa mke wake. "Unadhani nilifurahi kusikia?" akaniuliza. Halafu akajifunika kanga tena, na mama mmoja akaingia na sahani ya wali.

Nilitoka nje. Jua lilikuwa bado kali juu ya turubai. Bosco alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki nyuma ya jiko la msiba, mwanamume wa mabega mapana, na alisimama aliponiona, akaniamkia. Nikavuta kiti. Nikaanza na vikombe vizuri vya chai, nikaja kwenye jeshi lisilotakiwa kupunguzwa, uchaguzi, magogo na dhahabu, yale makofi ya gwaride, usingizi wa watoto, mgeni wa suti ya kijivu, na baba yake mdogo aliyebaki mtoni. Alisikiliza ameinama, viwiko magotini. Nilipotulia kidogo kuvuta pumzi aliinua macho.

"Mama mdogo, wewe uliyajuaje haya yote?"

Ningeweza kusema ni ukuta wa plaiwudi. Ingekuwa kweli.

"Nilimpenda baba yako," nikamwambia. "Mama yako anajua."

Alinyanyuka, akaenda kwenye birika, akanimiminia chai, akanipa kwa mikono miwili. Kisha akasogeza kiti chake karibu na changu, akaniomba niendelee.